Injini Kubwa kwa Mfuko Mdogo: Ushauri kwa Wenye Magari wa Kaniama

Mahindi yakishavunwa, kila mwenye Hilux au Hiace anayebeba magunia kati ya Kaniama, Luputa na Mwene-Ditu huuliza swali lilelile: nifanye nini gari langu livute zaidi? Jibu la haraka la garaji ni "weka moteri kubwa". Basi anauza mbuzi, anakopa kwa shemeji, anaagiza injini Lubumbashi. Miezi michache baadaye gari liko juu ya magogo, kulasi imepasuka, na deni bado linadaiwa.

Kupata injini kubwa kwa fedha kidogo kunawezekana, na mafundi wa Katanga wanalifanya jambo hilo. Lakini lina mpangilio wake: kwanza rudisha nguvu iliyopotea, pili tumia meno ya ponti, tatu ndipo ubadilishe injini, na hiyo mpya iwe ndugu mkubwa wa ile uliyo nayo. Anayeruka moja kwa moja hadi hatua ya tatu mwishowe huzilipia zote tatu.

Nguvu imekwenda wapi?

Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na hewa ya uwanda wetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Kila mita 100 unazopanda huondoa karibu asilimia moja ya nguvu. Kaniama na Kamina ziko kwenye mwinuko wa kama mita 1,000, kwa hiyo karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari haijawahi kufika huku. Hiyo huwezi kuidai. Unayoweza kuidai ni ile iliyopotelea ndani ya injini yako.

Anza na chujio la hewa. Vumbi jekundu la kiangazi huliziba upesi, na injini ya mazutu inayokosa hewa hutoa moshi mweusi ambao ni mafuta uliyoyalipia bila kuyatumia. Usilipige chujio kwenye ukuta hadi karatasi ipasuke. Lipulizie hewa kutoka ndani kwenda nje, na likianza kuchakaa, libadilishe. Angalia pia mpira unaotoka kwenye chujio kwenda injini. Ufa mdogo kwenye mpira huo huingiza mchanga, na mchanga hula ringi na kuta za silinda kuliko maelfu ya kilomita za kazi ya kawaida.

Kisha pima mgandamizo. Kwa injini za mazutu za Toyota za ukoo wa L, yaani 2L, 3L na 5L, silinda nzima husoma kama kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Chini ya kilo 20 injini imechoka, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi kilo 5. Kwa injini ya esanse, silinda ikisoma chini, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kikibaki palepale, tazama vali. Jaribio hilo usilitegemee kwenye mazutu, kwa sababu chumba cha mwako ni kidogo sana, na oili ikikijaza utapata kipimo cha uongo.

Baada ya hapo peleka nozeli na pampu kwa fundi mwenye meza ya kupimia. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza huchoma kichwa cha pistoni. Mafuta yetu nayo yana lawama. Mazutu ya kadafi, yanayouzwa kwa bidoni kandokando ya barabara, mara nyingi huwa na maji. Acha bidoni litulie usiku kucha, mimina kwa upole, usifike chini kabisa, na ufungue bomba la kutoa maji kwenye chujio la mafuta kila wiki. Pampu iliyoliwa na kutu inagharimu kuliko uvumilivu huo.

Gari likishafanyiwa haya yote, lipakie mzigo uende nalo. Wengi watagundua kwamba injini kubwa waliyokuwa wakiitafuta ndiyo hiyohiyo iliyokuwamo, ila ilikuwa mgonjwa.

Ukubwa hupimwa kwa hesabu

Kama bado hairidhishi, shika kalamu kabla ya spana. Ukubwa wa injini hutokana na vitu vitatu: kipenyo cha silinda, mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu, na idadi ya silinda. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 0.7854, kisha kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa idadi ya silinda. Ukitumia sentimita, jibu ni sentimita za ujazo, yaani sisi.

Chukua 2L: kipenyo milimita 92, mwendo milimita 92, silinda nne. Jibu ni sisi 2,446. Sasa fundi anakwambia, "Tuichonge silinda na kuweka pistoni za saizi ya juu, itakuwa na nguvu." Pistoni za ziada huja kwa hatua za robo au nusu milimita. Ongeza nusu milimita kwenye 2L, utapata sisi 2,473. Umeongeza sisi 27, kama asilimia moja hivi, ambayo hata mzigo wa kuku wanne hautaihisi. Kuchonga ni dawa ya silinda iliyolika, na kwa kazi hiyo ni dawa nzuri. Anayekuuzia kama nguvu mpya, mwambie akupigie hesabu hiyo mbele yako.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi. Injini ya esanse ya 3Y ina kipenyo cha milimita 86, na 4Y ina 91, zote mbili zikiwa na mwendo wa milimita 86. Kwenye karatasi, ukiichonga 3Y milimita 5, imekuwa 4Y: kutoka sisi 1,998 hadi 2,237. Kwenye chuma, kuta za silinda zinabaki nyembamba, zinapata joto, zinapinda, na maji yanaweza kuingia kwenye oili. Kiwanda kilitengeneza bloku tofauti kwa sababu. Kazi yako ni kulitafuta hilo bloku la pili, usijaribu kuliumba ndani ya la kwanza.

Meno ya ponti, nguvu ya bei rahisi

Kabla ya kununua injini, jiulize unachotaka ni nini hasa. Mbeba mizigo hahitaji kasi; anahitaji msukumo kwenye magurudumu akiwa kwenye tope la masika. Msukumo huo hutoka kwa injini, ukapitia giaboksi, ukazidishwa na ponti.

Ponti za Hilux za zamani zilitoka kiwandani na uwiano tofauti. Meno 41 ya taji yakigawanywa kwa meno 10 ya pinioni ni 4.10. Meno 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 9 ni 4.556, na 39 kwa 8 ni 4.875. Ukitoka 4.10 kwenda 4.556, kila gia inasukuma kwa asilimia 11 zaidi. Linganisha na kubadili 2L kwa 3L, ambayo huongeza ukubwa kwa asilimia 13 na kidogo. Matokeo kwenye kilima yanakaribiana, lakini moja ni bei ya ponti na nyingine ni bei ya injini nzima pamoja na kila kinachoifuata. Unachopoteza ni karibu sehemu ya kumi ya kasi ya juu, na hiyo barabara yetu imekwisha kuichukua.

Kujua uwiano ulio nao hakuhitaji kufungua chochote. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma juu ya vigingi imara, weka giaboksi huru, zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja kamili, na uhesabu mizunguko ya shafti. Ikizunguka mara nne na kidogo, una 4.10, mara nne na nusu hivi, una 4.556. Zungusha mara kumi ili upate hesabu ya uhakika.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Gari la magurudumu manne yanayovuta lazima liwe na uwiano mmoja mbele na nyuma. Usipofanya hivyo, siku utakayofunga ya mbele kwenye ardhi kavu utavunja meno. La pili ni matairi. Aliyeweka matairi makubwa kwa asilimia kumi ili gari lionekane kubwa ameifuta faida yote ya ponti. Rudisha saizi ya kiwanda, umepata msukumo bila kununua kipuri hata kimoja.

Ndugu mkubwa wa ukoo uleule

Ukifika hapa na bado kazi inakushinda, sasa tafuta injini. Kanuni ya mfuko mdogo ni kubaki ndani ya ukoo. Injini za ukoo mmoja hukaa kwenye giaboksi ileile, na kwa kawaida vishikio, mabomba na waya havihitaji kutengenezwa upya. Ukitoka nje ya ukoo, kila kitu kidogo kinakuwa kazi ya kuchomelea, na kila kazi ya kuchomelea ina bei yake.

Ukoo wa L ndio ulioenea zaidi kwenye Hilux na Hiace zetu. 2L ina sisi 2,446. 3L ina kipenyo cha 96 na mwendo wa 96, sisi 2,779. 5L ina kipenyo cha 99.5 na mwendo wa 96, sisi 2,986, yaani asilimia 22 zaidi ya 2L. Kwa anayebeba mzigo, 3L ni chaguo la busara na 5L ni bora zaidi kama bei inafanana. Kuwa mwangalifu na 5L-E, ambayo sindano yake huongozwa kwa umeme. Ni injini nzuri, lakini bila kompyuta yake na waya zake zote, huku kwetu itakuwa chuma cha kukalia. Wenye esanse wafanye vivyo hivyo: kutoka 2Y au 3Y nenda 4Y kamili.

Injini nyingi za mitumba zinazofika Katanga hupitia bandari ya Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa hadi Lubumbashi. Kutoka hapo hadi Kaniama ni mamia ya kilomita, ama kwa lori ama kwa reli. Kwa umbali huo hakuna kurudisha bidhaa mbovu. Kagua palepale kabla fedha haijatoka mkononi.

Omba kuizungusha krenki kwa spana. Iende mzunguko mzima bila kukwama na bila sauti ya chuma. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando mweupe kama maziwa, maji yameingia. Sukuma na kuvuta puli ya krenki. Ikicheza mbele na nyuma kwa kiasi unachokiona kwa jicho, beringi zimelika. Angalia vizibo vya maji vya pembeni kwa kutu. Halafu, hata muuzaji akinuna, omba kulasi ifunguliwe na upime silinda kwa kaliba: 92 ni 2L, 96 ni 3L, 99.5 ni 5L. Namba iliyopigwa kwenye chuma inaweza kuchezewa, ila kipenyo cha silinda hakidanganyi. Mwisho, hakikisha injini inakuja na pampu yake, flaiwili, alteneta na vishikio. Injini tupu iliyoonekana rahisi huwa ghali ukianza kununua kimoja kimoja.

Nini ulipie, nini ufanye mwenyewe

Injini ya mitumba usiifunge kama ilivyokuja. Kuna kazi ambazo mikono yako na subira vinatosha. Kusafisha ni moja. Kusaga vali kwa pasta ni nyingine: ukimaliza, geuza kulasi, mimina esanse kwenye njia ya hewa, ungoje. Ikivuja kwenye kikalio cha vali, endelea kusaga. Kupima mwanya wa ringi ni ya tatu. Iingize ringi ya juu ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kipimo cha kufanyia kazi ni kama milimita 0.04 kwa kila sentimita ya kipenyo, basi silinda ya 96 iwe karibu 0.38. Mwanya ukiwa mdogo sana, ringi itapanuka kwa joto na kukwama. Ukiwa mkubwa mno, mgandamizo unavuja.

Kazi nyingine ni za mashine, na hapo usibane. Kusawazisha uso wa kulasi na kuupima kama una ufa ni ya kwanza, kwani ukoo wa L unajulikana kwa kupasuka kati ya vali baada ya kuchemka. Kuchonga silinda na kusaga krenki pia ni kazi ya karakana yenye vipimo vya mia ya milimita. Gasketi ya kulasi kwenye mazutu huja kwa unene tofauti, na huchaguliwa kwa kupima pistoni zinatokeza kiasi gani juu ya bloku. Ukifunga yoyote iliyopo dukani, unacheza na mgandamizo bila kujua. Nunua pia mkanda wa taimingi mpya bila kujadili. Ukikatika kwenye injini hizi, pistoni na vali hugongana, na fedha yote imekwenda. Boliti za kulasi zifungwe kwa spana ya kipimo, kwa awamu, kuanzia katikati. Spana hiyo ukiikosa, iazime.

Turbo na skrubu ya pampu

Kuna njia mbili za mkato zinazouzwa sana. Ya kwanza ni kufungua skrubu ya pampu ili mazutu yaongezeke. Mafuta bila hewa ya kuyachoma ni moshi na joto tu. Gari litavuta kwa wiki chache, halafu kulasi itajibu.

Ya pili ni turbo. Hii ina ukweli ndani yake, kwa kuwa turbo hurudisha hewa ambayo mwinuko wetu umeiondoa. Lakini injini iliyozaliwa bila turbo ina mgandamizo mkubwa tayari, na pistoni zake hazikutengenezwa kwa joto hilo. Mfano mzuri uko kwenye Land Cruiser. 1HZ na 1HD-T zote zina sisi 4,164, lakini Toyota haikuifungia 1HZ turbo tu ikaiita 1HD-T. Mwako wenyewe ulibadilishwa, mafuta yakapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, nguvu ikapanda kutoka kama farasi 130 hadi 165. Ukitaka turbo kwenye injini isiyo nayo, msukumo wake usizidi nusu bari, na uweke kipimajoto cha moshi kabla ya turbo ili usipite nyuzi 700. Kama hivyo viwili havimo kwenye bajeti, turbo pia haimo.

Kinachoifuata injini

Nguvu mpya huleta joto jipya. Rejeta iliyotosha 2L inaweza kuishindwa 5L kwenye mchanga, kwa gia ya pili, mchana wa Septemba. Ifungue, isafishwe mirija, na kama ina safu mbili tafuta yenye safu tatu. Na tafadhali usitupe kalorstati. Mafundi wengi huitoa wakidhani inazuia maji. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake la kazi, inakula mafuta na silinda zinalika. Ikiwa mbovu, badilisha.

Klachi iwe ya injini mpya. Breki zikaguliwe kabla ya safari ya kwanza, maana gari linalopanda na mzigo zaidi litashuka na mzigo huohuo. Na ukumbuke, injini kubwa haikuongeza uwezo wa springi wala wa chesisi. Tani moja ya kiwandani inabaki tani moja.

Omba risiti yenye namba ya injini na upeleke mabadiliko yaandikwe kwenye hati za gari. Kodi ya gari huku huangalia nguvu yake, na injini isiyo na karatasi inaweza kuonekana ya wizi kwenye kizuizi chochote cha barabarani.

Kilomita 1,000 za kwanza beba nusu ya mzigo, badilisha oili ukifika 500, na usiiache injini ikinguruma bure kwa saa nzima.

Bajeti yenyewe iandike kutoka chini kwenda juu. Kwa kila franka kumi, moja ibaki akiba, mbili ziende kwenye rejeta, klachi na breki, tatu kwa karakana, gasketi na mkanda, nne ndizo za injini. Ukiona zote kumi zimeishia kwenye injini, hujafikia kuinunua. Funga ponti ya 4.556 msimu huu, rudisha matairi ya kiwanda, ubebe mahindi, na injini ije mwakani kwa fedha ya magunia hayo.